Daftari lililoliwa na mchwa

Mwezi wa tano mwaka 2024 umeme ulikatika mtaani kwetu Chang'ombe, hapa Dodoma, nami nilikuwa jikoni nachagua mchele kwa tochi ya simu. Kaka yangu alikaa kwenye kigoda mlangoni, redio yake ya betri pajani. Wakatangaza habari ya binti wa Uholanzi, miaka 29, aliyekubaliwa na madaktari wa kwao kusaidiwa kufa kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Hakuwa anakufa kwa saratani wala kwa moyo. Mtangazaji akasema madaktari wale walijiridhisha kwamba mateso yake hayavumiliki, na kwamba hakuna tena njia ya kumpatia nafuu.

Kaka akaipunguza redio mpaka ikanyamaza.

"Mama Furaha, hao wanajuaje kwamba haitapoa?"

"Mambo ya Ulaya hayo, kaka. Achana nayo."

"Sijauliza ya Ulaya. Nimeuliza wanajuaje. Maana ya kwangu na mimi ningependa kuijua."

Nikaweka ungo chini. Tangu usiku ule swali hilo halijaniacha, na leo naliandika kwa ruhusa yake. Amesema niandike, ila nisimtaje jina na nisimpambe.

Mimi ni karani wa mahakama, huu ni mwaka wangu wa 26. Si hakimu, si wakili, na udaktari ndiyo kabisa siujui. Kazi yangu ni majalada: kufungua, kuandika namba, kushona karatasi kwa uzi, kupeleka mbele ya hakimu, kurudisha masijala. Nimeona watu wakifungwa na watu wakiachiwa kwa kilichomo kwenye jalada. Ambacho hakimo, mbele ya mahakama ni kama hakikutokea. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo nililokwenda nalo nilipoanza kutafuta jibu la kaka.

Yeye ni mkubwa wangu kwa miaka minne, na ni fundi saa. Meza yake ilikuwa karibu na soko la Majengo, chini ya mwarobaini. Akifungua saa ya kike, zile ndogo kama ukucha wa kidole gumba, vipande alivipanga ndani ya kifuniko cha soda kwa mpangilio anaoujua mwenyewe: skrubu, kigurudumu, springi. Anabana kioo jichoni, anazuia pumzi. Ukifika na salamu wakati huo anakuinulia kidole kimoja, ngoja. Na upepo wetu huu wa Dodoma unaobeba vumbi kuanzia mwezi wa saba, yeye alikuwa ameujengea ukuta wa maboksi kuzunguka meza. Watu walileta saa kutoka Kongwa na Mpwapwa. Mikono yake ilikuwa haitikisiki.

Aliugua mwaka 2001. Kwanza alianza kuamka saa tisa usiku na kukaa kitandani mpaka kuche. Baadaye hakuamka kabisa. Anageukia ukutani, chakula kinapoa, ukimwita anaitika kama mtu aliye ndani ya kisima. Nyumbani Mvumi wazee walisema amechezewa. Mbuzi watatu wakaenda kwa mganga, ng'ombe mmoja akauzwa kwa nauli za kwenda kwa mganga mwingine. Kanisani wakamwekea mikono. Mwishowe ndipo tukafika hospitali, na hata huko tulikwenda jioni jioni, maana nyote mnajua Dodoma mtu akionekana anaelekea huko watu wanasema nini. Hospitali ya Mirembe, ya wagonjwa wa akili, ipo tangu mwaka 1927, na karibu miaka mia yote hiyo jina lake tumeligeuza tusi la kutupiana watoto wakigombana. Ukimchukia mtu unamwambia "wewe ni wa Mirembe". Kaka alilisikia hilo sokoni kabla hata hajamwona daktari.

Wakaandika: sonona kali, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Wakampa amitriptilini, dawa ya sonona. Ikawa hivyo miaka kumi na moja.

Binti yangu anasoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ndiye aliyenisaidia kutafuta na kusoma. Sheria ya Uholanzi ya kumsaidia mgonjwa kufa imeanza kutumika mwaka 2002, na kati ya masharti yake, kuhusu mateso inataka mambo mawili yasimame pamoja. La kwanza, mateso yawe hayavumiliki. La pili, yasiwe na matarajio ya kupata nafuu, na daktari na mgonjwa kwa pamoja wawe wamefikia imani kwamba hakuna njia nyingine ya maana iliyobaki. La kwanza sikulipigia kelele. Kama mateso yanavumilika au hayavumiliki, anayejua ni aliyeyabeba. Mimi nimekaa mlangoni kwa kaka usiku mwingi, na sijawahi kuyajua, nimeyaona tu. La pili ndilo lililonishinda. Hilo linahusu kesho. Na kesho ya akili ya mtu hakuna picha ya eksirei inayoionyesha. Uvimbe wa saratani unapimwa, unaonekana umefika kwenye ini, daktari anajua njia yake. Sonona haipimwi hivyo. Mtu aliyelala miaka minane anaweza kuamka mwaka wa tisa, na mwingine mwenye ugonjwa ule ule asiamke, na wote wawili mwaka wa nane wanaonekana sawasawa.

Wamarekani walifanya utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2006, wagonjwa wa sonona wapatao 4,000. Dawa ya kwanza ikishindwa wanapewa hatua ya pili, ikishindwa ya tatu, mpaka nne. Hatua ya kwanza karibu theluthi walitulia. Hatua ya tatu na ya nne ilikuwa kama mmoja kati ya saba au wanane. Wataalamu wengine wamezibishia hesabu hizo baadaye, lakini hata ukizikubali, zinakwambia wangapi watatulia katika mia. Hazikwambii kama kaka yangu ni mmoja wao.

Basi madaktari wanaofanya kazi hii, ukisoma wanavyojieleza wenyewe, wengi wanakiri kwamba mbele hawaoni. Wanachofanya ni kutazama nyuma. Ametibiwa kwa nini, kwa kipimo gani, kwa muda gani, matokeo yakawaje, nani mwingine alimwona. Wakikuta njia zote za maana zimepitwa na mtu bado yuko palepale, wanasema hii haina nafuu. Yaani wanasoma jalada.

Hapo nikasimama. Kutabiri sijui. Jalada nalijua.

Kwetu jalada la mgonjwa ni daftari la mazoezi. Unanunua la kurasa arobaini, unaandika jina na umri juu, unakwenda nalo kliniki, unarudi nalo. Kaka ana matano. Nikayatoa kwenye sanduku la bati la marehemu mama, nikayapanga mezani kwa mwaka. Yako manne na nusu. La mwaka 2004 hadi 2006 liliwekwa Mvumi darini na mchwa walilila kutoka pembeni kuingia katikati, limebaki umbo la jani la mnazi, katikati uti wenye tarehe, pembeni hakuna kitu. Kuna ukurasa unasomeka "anaendelea", na baada ya hapo tundu.

Jumamosi nzima niliyasoma kama ninavyokagua jalada kabla halijapelekwa kwa hakimu. Kila mwezi ulioandikwa dawa nikauwekea alama. Kisha nikarudi kutazama duka la dawa la kituo cha afya tulichokuwa tunakwenda waliandika nini. Wanaojua wanajua zile herufi mbili, O na S, zinazoandikwa pembeni ya jina la dawa. Maana yake haipo, imekwisha, katafute mwenyewe. Herufi hizo zilikuwa kila baada ya kurasa chache. Kulikuwa na miezi mitano mfululizo mwaka 2007. Tulikuwa tunanunua tulipokuwa na hela, na tulipokosa alikaa hivyo hivyo. Ukiongeza miezi ambayo dawa ilimlaza akawa anasinzia mezani akaiacha, ukaongeza miezi ya waganga, ile miaka kumi na moja ya amitriptilini inabaki chini ya minne, tena vipandevipande. Lakini daftari ukilisoma haraka linasema: ametumia miaka kumi na moja, hakuna mabadiliko.

Na hilo ni dogo. Kuna mawili makubwa zaidi ambayo hayamo kabisa.

Mwaka 2005, mwezi wa nne, kaka aliamka. Si kuamka kitandani tu. Aliamka akaoga, akanyoa, akaenda Majengo, akafanya kazi mchana na usiku kwa taa ya chemli. Alikuwa anaongea haraka, anacheka, macho yanang'aa. Akasema atafungua karakana ya kutengeneza saa kubwa za minara, kila wilaya ya Dodoma iwe na mnara wake, alishachora michoro. Akagawa saa za wateja kwa wapita njia. Akauza televisheni ya shemeji yangu. Alilala saa moja tu kwa usiku, wiki tatu. Nasi tulifanya nini? Tulimshukuru Mungu. Mama alichinja mbuzi. Tulipika pilau, wakaja watu wa kwaya, tukaimba kaka amefufuka. Hela za saa zilizopotea tukalipa kwa furaha. Kliniki hatukwenda mwezi ule wala uliofuata, kwa maana nani anakwenda hospitali akiwa mzima? Baada ya wiki tatu akaanguka, safari hii chini kuliko mwanzo. Tuliporudi kliniki waliandika "amerudia". Ile sherehe hatukuitaja. Ingetajwaje? Tuliiona kama zawadi iliyotuponyoka.

La pili ni la mwaka 2009. Sitalieleza. Nitasema tu kwamba kaka alijaribu kuondoka na jirani akawahi. Tulipofika hospitali wakauliza kimetokea nini, na mimi, mimi mwenyewe karani wa mahakama, nikasema ni ajali. Nilijua kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu. Kujaribu kujiua ni kosa la jinai nchini kwetu. Nilishawahi, katika mahakama niliyokuwa nafanya kazi wakati huo, kuandika neno "mshtakiwa" mbele ya jina la kijana wa miaka 22 ambaye kosa lake lilikuwa hilo, mama yake amekaa benchi la nyuma na chupa ya uji. Nikamwona kaka kwenye benchi lile. Nikasema ajali, muuguzi akaandika ajali, na imo kwenye daftari la tatu kwa kalamu ya bluu, mwandiko mzuri kabisa.

Kwa hiyo fikiria kaka angekuwa Mholanzi mwenye madaftari haya haya. Mwaka wa kumi, 2011, angekwenda kuomba. Ugonjwa: sonona kali. Muda: miaka kumi. Dawa: imetumika, haikusaidia. Vipindi vya nafuu: hakuna. Mwenyewe anasema amechoka, anasema kwa utulivu, akili yake inaelewa anachokisema. Mimi kama ningelipewa jalada hilo nilikague lisikose karatasi, ningesema limekamilika.

Mwaka 2012 tulimpata daktari mwingine, kijana, sijui alitoka wapi siku ile. Hakusoma daftari kwanza. Alilifunga akaliweka chini ya kiwiko, akamtazama mama, akauliza: "Mama, kuna wakati wowote huyu alikuwa mzima kupita kiasi?"

Mama akacheka kidogo, kisha akaanza kulia. Akaeleza mbuzi, pilau, minara ya saa.

Haikuwa sonona peke yake. Ni ule ugonjwa wa pande mbili, bipola, unaompandisha mtu na kumshusha, na dawa ya sonona ikitumika yenyewe inaweza hata kuuchochea. Akabadilishiwa, akapewa valproeti. Nyumbani kukawa na ugomvi: hiyo ni dawa ya kifafa, kaka hana kifafa! Akameza. Mwezi wa tatu akaomba mlenda na ugali wa uwele, akala sahani yote. Sijawahi kuona mtu anakula vile.

Sasa ningeweza kuishia hapa, nikapiga makofi, nikawaambia Waholanzi mnaona? Lakini kaka alisema nisimpambe. Hajapona. Kliniki kwetu hakuna anayesema "amepona", wanasema "ametulia", na wale wauguzi wa zamani wanaitamka hivyo kwa heshima, maana wanajua kutulia ni kazi. Bado kila mwaka ana majuma ambayo ukuta unamwita. Na kuna suala la mikono.

Valproeti inatetemesha mikono. Si kila mtu, ila yeye ndiyo. Mtetemeko mdogo, ukimpa kikombe cha chai huuoni. Ukimpa saa ya kike unauona. Skrubu inaruka. Alijaribu kuegemeza viganja mezani, alijaribu kufunga kitambaa kwenye kifundo, alijaribu kufanya kazi alfajiri kabla ya kidonge. Leo anabadilisha betri, anafunga mikanda, anatengeneza saa za ukutani. Zile ndogo anazirudisha kwa mwenyewe, anasema hana kipuri.

Mwaka 2017 saa ya mama ilisimama. Mama alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Kaka akaacha dawa wiki mbili bila kumwambia mtu ili mikono itulie, akaifungua, akaitengeneza, ikatembea. Wiki ya tatu alikuwa ukutani. Daftari la tano linasema: "Mgonjwa amekataa dawa." Maneno matatu. Nimeyasoma mara nyingi kuliko maneno yoyote mengine katika madaftari yale.

Maana huko kwenye hukumu za watu hili nalo lina uzito wake. Mwaka 1994 mahakama ya juu kabisa ya Uholanzi iliamua kesi ya daktari wa akili, Boudewijn Chabot, aliyekuwa amemsaidia mama wa miaka 50 kufa mwaka 1991. Mama huyo hakuwa na ugonjwa wa mwili. Alikuwa amewazika wanawe wote wawili. Mahakama ikasema chanzo cha mateso, mwilini au akilini, si hoja, ila yakiwa ya akili tahadhari iwe kubwa zaidi; na kama kuna njia halisi ya kumpunguzia mgonjwa mateso naye kaikataa kwa hiari, basi kimsingi mateso hayo hayawezi kuitwa yasiyo na matarajio. Wakamkuta Chabot na hatia bila kumpa adhabu. Na kosa lake, hili binti yangu aliposoma nilimwomba arudie, ni kwamba aliwaomba ushauri wenzake kadhaa lakini hakuna mtaalamu huru hata mmoja aliyemwona yule mama mwenyewe. Walitegemea maelezo yaliyoandikwa. Walipewa jalada.

Kanada nao wameandika vingine. Kwao mateso yanahesabiwa kuwa hayana nafuu kama hayawezi kupunguzwa kwa njia ambazo mgonjwa mwenyewe anaona zinakubalika. Yaani mikono ya kaka ingesikilizwa. Angesema, njia hii inanipa usingizi na inaninyang'anya kazi, na sheria ingemwuliza kama anaikubali. Moyo wangu uko na maneno hayo kwa sababu yanamwona fundi saa. Na papo hapo yananitisha, kwa sababu mtu aliye ukutani, siku hiyo, hakubali njia yoyote. Wakanada wenyewe wamesita. Kwa mwenye ugonjwa wa akili peke yake walipanga waanze Machi 2023, wakasogeza hadi Machi 2024, wakasogeza tena hadi Machi 2027. Wapo wanaowacheka kwa kuahirisha. Mimi nimeona hakimu mzuri akiahirisha kesi kwa sababu shahidi muhimu hajafika.

Kuna watafiti waliopitia kesi 66 za Uholanzi za wagonjwa wa akili waliosaidiwa kufa, za kati ya mwaka 2011 na 2014. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wamekataa angalau tiba mojawapo. Zaidi ya nusu walielezwa kuwa wapweke. Katika karibu robo ya kesi madaktari wenyewe hawakukubaliana. Nilipomsomea kaka hiyo ya upweke alinyamaza sana. Akasema, "Hao waliokataa dawa, waliulizwa kwa nini?" Sikuwa na jibu.

Sheria ya namna hiyo hapa kwetu haipo. Anayemsaidia mtu kujiua, kwa kifungu cha 216, anaweza kufungwa maisha, na Katiba ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake. Sitaki tuige Uholanzi. Nasema waziwazi. Huwezi kuandika "hana nafuu" juu ya mtu ambaye daftari lake limejaa O na S, ambaye ugonjwa wake ulitajwa vibaya miaka kumi na moja, ambaye ndugu zake walidanganya kwa hofu na wakanyamaza kwa furaha. Na nikiangalia foleni ya kliniki, madaktari wa akili walivyo wachache na watu walivyotoka mbali, Bahi, Kondoa, wengine wamelala stendi, najua kaka si peke yake. Madaftari yao yote yako hivyo.

Ila nataka na kifungu cha 217 kiondoke. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya imesema kifungu chao cha aina hiyo kinakwenda kinyume cha Katiba yao. Kile cha kwetu ndicho kilichonifanya niseme ajali. Daktari angejua ukweli mwaka 2009, pengine angemwuliza mama lile swali miaka mitatu mapema. Miaka mitatu ya kaka ukutani naidai, na sehemu ya deni ni langu.

Na kuna lingine ambalo yeye amenifundisha. Kila mtu aliyekuja kumtazama alimwambia "utapona tu". Mchungaji, shangazi, mimi. Siku moja alinigeukia akasema, "Nyinyi na hao wa Ulaya mko sawa. Wao wanasema haitapoa, nyinyi mnasema itapoa, na hakuna hata mmoja aliyeiona kesho." Nilikasirika. Baadaye nikaona ni kweli. Tulikuwa tunamtwisha matumaini yetu ayabebe juu ya mzigo wake, na asipopona anakuwa ametuangusha.

Usiku ule wa umeme kukatika, alipouliza, baada ya kuweka ungo chini nilimwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza kwa miaka 23: "Kaka, unaomba kufa?" Akasema, "Naomba kujua kama kuna mwisho." Tukakaa. Akanieleza mambo ya ukutani, taratibu, kama anayetoa vipande na kuvipanga kwenye kifuniko. Sikumkemea, sikumwombea, sikumwambia utapona. Ilipofika saa saba usiku umeme ukarudi, na yeye akaenda kulala, akalala mpaka saa mbili asubuhi. Ndiyo maana niliposoma habari za Ubelgiji, wagonjwa 100 wa akili walioomba na 48 wakakubaliwa, sikushangaa kwamba wanane kati ya hao waliokubaliwa waliahirisha au wakaacha kabisa, wakisema kule kukubaliwa tu kuliwapa utulivu wa kuendelea kuishi. Wengine watalisoma hilo kama sababu ya kuwa na sheria. Mimi nalisoma hivi: walikuwa wamebeba neno lisilosemeka, mtu akalipokea mikononi mwake bila kuliangusha. Hilo halihitaji Bunge. Linahitaji mtu wa kukaa naye chini.

Kama wewe unayesoma uko ukutani leo, tafadhali mwambie mtu mmoja, ndugu, jirani, muuguzi wa zamu, yeyote. Useme kwa maneno yako, hata kama ni mabaya. Na wewe utakayeambiwa, usikimbilie kujibu.

Mwezi uliopita nilinunua daftari jipya, kubwa, jalada gumu, nikaketi na kaka tukaanza upya kuanzia 2001. Tumeandika mbuzi. Tumeandika karakana ya minara. Miezi ya O na S nimeiandika kwa wino mwekundu. Ya 2009 tumeandika kama ilivyokuwa, na yeye ndiye aliyeshika kalamu, mwandiko umepinda kwa mtetemeko lakini unasomeka. Chini ya "Mgonjwa amekataa dawa" ameongeza: alikuwa anatengeneza saa ya mama.

Kliniki ni Jumanne. Amenipa maswali mawili nimwulize daktari, kwa sababu anajijua, akifika pale anasema tu hajambo. La kwanza, kama kipimo cha valproeti kinaweza kupunguzwa kidogo na kuangaliwa, au kama kuna dawa nyingine isiyogusa mikono. La pili, kama itabidi kubadili, ifanyike baada ya mwezi wa saba, maana kuna mteja wa Mpwapwa ameacha saa ya ukutani ya babu yake na ameahidi kuichukua sikukuu ya Nanenane.